Beberu wa Magoudjou

Nilioa Moroni, na kwa desturi ya kisiwa hicho cha Ngazidja mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe. Mimi, seremala wa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, niliingia mtaa wa mke wangu, Magoudjou, na sanduku la randa na misumeno. Mwaka wa pili nilinunua beberu kule Vouvouni, mweusi, ndevu mpaka kifuani.

Msimu wake ulipofika alijikojolea ndevu na miguu ya mbele hadi manyoya yakagandamana. Uvundo ulihamia kwenye mashati yetu. Mbuzi jike anayetaka dume alianza kutingisha mkia tangu mlangoni. Jike akikojoa, beberu aliunusa mkojo, akainua kichwa, akakunja mdomo wa juu na kutulia vile, kama anayepima neno aliloambiwa. Akiona siku bado, alimwacha.

Mtaa mzima ulileta mbuzi wao. Jirani mmoja, mama aliyerudishwa kutoka Madagaska baada ya Wakomoro wenzake kuuawa huko, hakupenda kumkokota mbuzi wake bure. Alisugua kitambaa nyuma ya pembe za beberu, akakifungia koponi, na kila asubuhi alimnusisha mbuzi. Siku mbuzi alipolia na kutikisa mkia, ndiyo alimleta. Hakuna aliyeziba pua.

Kisha Nzwani, kisiwa changu, ikatangaza kujitenga na Komoro. Wanajeshi walipelekwa huko kutoka Moroni, na si wote waliorudi. Wiki ileile, kaka wa mke wangu, ambaye mbuzi wake wawili walikuwa na mimba ya beberu wangu, alisimama uani ameshika pua.

"Shemeji, mnyama wako ananuka. Majirani wamechoka."

"Majirani gani?"

"Wote. Na si mnyama peke yake."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

Jioni yule mama wa Madagaska alinifuata nyumbani. "Hata sisi kule Majunga, wenyeji walianza kwa kusema tunanuka," alisema. "Ondoka, mwanangu, sanduku lako ukiwa bado nalo."

Nikaondoka. Beberu hakupata nafasi chomboni.

Huko Mutsamudu, dada yangu alinipokea, lakini ulimi wangu ulikuwa umeshachukua maneno ya Moroni. Bandarini mchukuzi mmoja alinikatiza: "Hebu sema tena. Nani kakutuma huku?" Kwa miezi mingi hakuna aliyenipa mlango wa kutengeneza.

Msafiri mmoja ndiye aliyeniletea habari za beberu. Shemeji alimchinja kwa ajili ya wageni wa harusi, katikati ya msimu wake. Nyama ilinuka, wageni wakaitema, naye akasema Mnzwani ameiroga. Nilicheka peke yangu, kicheko kilichoniuma mbavu.

Mke wangu alituma neno mara moja tu: kama niko tayari kumwacha, niandike talaka.

Niliandika siku ileile.