Usafi Wangu wa Rubongi

Bado naona aibu. Nimehamia Tororo kutoka Nairobi kwa ajili ya kazi, nikapata nyumba na kiwanja chake huku Rubongi. Kwa kuwa mimi si Mganda, ardhi naweza tu kuikodi kwa miaka mingi, na majirani ni lazima wanikubali kwanza. Hilo la majirani liliniondolea usingizi. Je, wakiniona mvivu?

Siku ya kukutana nao niliwahi na jembe. Kando ya kiwanja kulikuwa na mimea ya majani marefu, imesimama kwa mstari. Nilishangaa sana: magugu ya huku hujipanga hivi yenyewe? Nikayang'oa yote, nikayarundika vizuri wayaone.

Mwenyekiti wa kijiji akafika na majirani. "Mgeni, naona umeamka na kazi!" Nikatabasamu. Akamgeukia mwenye nyumba. "Mzee Owor, onyesha yeye mpaka."

Mzee Owor akatazama kulia, akatazama kushoto, akalitazama rundo langu.

"Mpaka iko pale," akasema polepole. "Amerundika."

Jirani wa upande ule, Mama Athieno, akashika kichwa. "Woi! Mkenya hajalala hata siku moja, ameanza kukula shamba yangu!"