Nilimpiga Wifi Kijembe Kupitia Afisa wa Chakula

Nimekosa. Nalisema mapema kabla hamjanizoea, maana nina mdomo wa kumuuzia muuza nazi nazi zake mwenyewe, na nikianza kujieleza mtanihurumia. Msinihurumie. Nilisema uongo mmoja tu, na uongo huo ukawatoa watoto wa marehemu kaka yangu kwenye kadi ya serikali ya msaada wa chakula.

Nilikuwa nakaa Shaw, mtaa wa Washington DC, chumba cha chini kabisa, dirisha linatazama viatu vya wapita njia. Nyumba ikauzwa. Aliyenunua akataka kuipiga rangi ya kijivu na kupangisha watu wenye mbwa wadogo. Tukaambiwa tutoke. Mimi nafanya usafi hotelini kule kando ya mto, nikapiga hesabu, nikairudia, nikaona bora nihamie Oxon Hill, jimbo jirani la Maryland, kwa wifi yangu.

Nitamwita Mama Imani. Si jina lake. Nikitaja la kweli atapata sababu mpya ya kunitukana, na zile za zamani hajazimaliza.

Ni mjane wa kaka yangu. Mkenya wa bara, kazi yake kuwahudumia wazee majumbani kwao, ana mabinti wawili. Mimi mtu wa Tanga. Hatupendani tangu siku ya harusi, aliposema pilau letu lina mafuta mengi. Pilau, jamani! Mbele ya shangazi zangu!

Alinitajia kodi ya chumba, nikacheka. Nikamtajia yangu, akacheka zaidi. Tukakutana katikati, kila mmoja akiamini kamwibia mwenzake.

"Na kitu ingine," akasema. "Chakula yangu ni yangu, yako ni yako. Sitaki kuulizana nani amemaliza maziwa."

Akagawa friji kwa utepe. Mafuta ya kupikia akayafungia kabatini. Nami sukari nikailaza chumbani, na kila nikitoka na kila nikirudi naangalia imefika wapi. Anayehesabu mara moja ndiye anayeibiwa.

Sasa sikieni ujanja wangu, mwone ulikoishia. Kadi yangu ya chakula ilikuwa ya DC. Ukivuka kwenda Maryland, dukani bado inapita, na wengi wetu hunyamaza wakaendelea kula. Dada mmoja kazini akaninong'oneza, "Nyamaza, mashine haiulizi unalala wapi." Nikamkatalia. Mimi serikali naijua: ikikupa inakupa kwa kijiko, ikikudai inakuja na beleshi. Nikawapigia DC, nikawaambia nimehama, wafunge keisi yangu. Nikaomba upya Maryland. Safi! Nikatembea kifua mbele kama mtu aliyepewa cheo.

Sheria zote nilizivuka salama. Nikaja kujikwaa kwenye ulimi wangu mwenyewe.

Siku moja kabla ofisi ya msaada wa chakula haijanipigia, nilichukua kitunguu cha wifi. Kimoja! Alivyorudi kazini akasimama mlangoni kwangu, hajavua hata koti.

"Auntie, kitunguu yangu imeenda wapi?"

"Imeenda kwenye mchuzi."

"Mchuzi ya nani?"

"Ya mwenye njaa."

Akacheka kwa pua, kisha akasema, na binti zake wanasikia, "Ata bwanangu alikuwa anasema. Familia yenu mko na mkono mrefu."

Mtu kafa. Hawezi kuja kukanusha. Na anawekewa maneno mdomoni kwa ajili ya kitunguu! Nikameza. Lakini sikumeza chini, niliweka shavuni.

Kesho yake ofisi ikapiga kwa mahojiano. Wifi yuko jikoni anasonga ugali, watoto wamekaa mezani. Kiingereza nakijua, hotelini nagombana nacho kila siku. Nikaomba mkalimani wa Kiswahili hata hivyo. Kwa nini? Ili kila neno limfikie mwenyewe bila kupungua. Nikaweka simu mezani, sauti juu.

Watu wa pwani mtanielewa. Kwetu adui humwambii. Unamwambia paka, adui anasikia. Siku ile paka wangu alikuwa afisa wa serikali.

Mkalimani alikuwa mpole, Mkongomani kwa lafudhi. Akaniuliza nakaa na nani, nikamjibu. Kisha: "Mama, afisa anauliza, munanunua na kupika chakula pamoja, ao kila mutu yake?"

Kila mtu yake. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na ushahidi umebandikwa kwenye friji kwa utepe.

Nikautazama mgongo wa wifi. "Pamoja, baba! Mwambie tunapika pamoja! Sisi ni ndugu, hatufungiani mafuta kabatini. Kitunguu kikiwa kimoja tunakatiana. Huyu wifi yangu ana roho ya dhahabu, hawezi kulala kabla hajauliza kama nimeshiba."

Wifi hakugeuka. Mwiko ukagonga sufuria, pwaa!

Mkalimani akarudia kuniuliza. "Mama, niseme vile? Munapika pamoja?"

Yule mtu alinifungulia mlango wa kutokea, nami nikaubamiza. "Pamoja. Na mshahara wake aandike, wifi yangu ni mchapakazi. Mkono wake mfupi, hauchukui cha mtu."

Akatafsiri yote, neno kwa neno. Kazi yake kutafsiri, si kuchuja sumu. Nikakata simu, nikala wali wangu kwa raha ambayo sijaipata tena.

Wiki zikapita. Barua za ofisi zilikuja zikalala kwenye rundo la matangazo ya pizza, hakuna aliyezifungua. Jumamosi moja wifi akatupeleka dukani kwa gari lake, mafuta tumechanga. Kwenye kaunta akapitisha kadi yake ya chakula, ya yeye na watoto. Ikakataa. Akapitisha tena. Ikakataa. Nyuma yetu foleni, watu wanahema kwa makusudi.

Akapiga namba iliyo nyuma ya kadi, hapo hapo. Kiingereza kikatoka kwenye simu, nami nikakielewa vizuri kuliko nilivyotaka. Wanaonunua na kupika pamoja wanahesabiwa nyumba moja. Mshahara wake na wangu vimejumlishwa. Vimezidi kiwango. Keisi yake imefungwa, na maombi yangu yamekataliwa.

Imani, binti yake mkubwa, alikuwa ameshaanza kurudisha vitu kutoka kaunta kuvitia kwenye toroli. Hakuambiwa na mtu. Alianza na vile anavyovipenda yeye: mtindi, zabibu, nafaka zake za asubuhi. Mchele na mayai akaviacha.

Nikatoa pochi. Wifi akanishika kifundo cha mkono. "Rudisha hiyo pesa yako. Rudisha kabla sijakuaibisha."

Ndani ya gari hakuwasha injini.

"Ni wewe."

"Wifi, nilikuwa nakusema wewe tu."

"Nilikusikia! Nilikuwa hapo nasonga ugali. Nikadhani unaniongelesha mimi. Kumbe ulikuwa unaongea na serikali." Akapiga usukani. "Mimi sijui hizo maneno zenu za kuzunguka. Ukinichukia, si uniambie kwa uso? Mimi nakuchukia na nimekuambia. Umepungukiwa nini?"

Nikavuta mkanda wa gari, nikaufunga. Mimi! Mwenye mdomo wa nazi!

Nikapiga ofisini kurekebisha. Afisa mwingine, mwanamke, sauti kavu kama mkate wa juzi. "Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

Nikamwambia wakati ule.

"Kwa nini?"

Hebu nyinyi nambieni. Unamweleza vipi Mmarekani kwamba ulimpa taarifa za uongo ili mtu mwingine jikoni aumie? Nikasema nilikosea. Akataka maelezo ya maandishi, yangu na ya wifi, kwamba kila mmoja ana chakula chake. Kisha kusubiri.

Katika kusubiri huko, wifi aliongeza zamu za usiku, na asubuhi akawa anasinzia na brashi ya nywele mkononi. Akawapeleka watoto kwenye foleni ya chakula cha bure kanisani. Nikawaletea mchele na kuku, nikauacha mfuko mezani. Nilivyorudi kazini nikaukuta mlangoni kwangu, kuku ameshaanza kunuka. Alikubali kuku aoze. Nilimlaani, halafu nikakumbuka ni nani aliyeanza kuchezea chakula.

Keisi yao ilirudi. Yangu ilichelewa, kila nikipiga wananiuliza upya mambo yale yale, na nawaelewa. Ningekuwa wao nami nisingeniamini. Nikatafuta chumba kwingine, nikahama tena.

Siku ya kutoka, wifi alikwenda kazini bila kuniaga. Imani akanisaidia kubeba ndoo hadi kwenye gari la rafiki yangu. Kiswahili anakielewa chote, anakujibu kwa Kiingereza.

"Auntie, why did you tell them we had food?"

Kwa nini niliwaambia wana chakula. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtoto anayetaka kujua kwa nini mvua hunyesha. Nikamwambia nitamweleza akikua. Huo nao ni uongo. Sitamweleza kamwe.

Basi sikieni, nyinyi mnaohama leo na kesho, mnaojibana kwa ndugu na mawifi. Hapa nchini, swali la nani anapika na nani si la adabu wala si la kuulizwa hali. Ukilijibu, umewagusa wote wanaolala chini ya paa lile. Kama mnakula mbali mbali, sema mbali mbali, hata ukiona aibu, hata ukiwa umenuna. Na kama una neno na wifi yako, zima simu, mfuate jikoni, mtukane mpaka koo likauke.

Mimi simpendi mama yule. Hata leo, nikiisikia sauti yake nakaza meno. Lakini yeye kijembe changu hakikumkata hata kidogo, kwake yalikuwa maneno ya kuzunguka tu. Kiliwapata waliokaa mezani wakisubiri kupakuliwa.