Ukurasa Uliofungwa Uzi

Nilipanda mlima hadi kijiji cha Kilema na kikapu kizito, juu yake jani la isale, mmea wetu wa kuombea radhi, nikiwa na hamu na hofu kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Kati ya vile vita viwili vya dunia, babu yangu na rafiki yake, wakulima wa kahawa, walikuwa na mashine moja ya kuchapa ya mkono na ukaidi usio na kipimo. Walitoa vijitabu vya hadithi bila kutumwa na misheni wala serikali. Babu aliandika, rafiki yake akapanga herufi za madini. Kisha wakagombana. Babu akaondoka na herufi za ukurasa wa mwisho, zimeshapangwa na kufungwa uzi. Kitabu kikabaki bila mwisho, na kazi yao ikafa hapo.

Nilikuwa naandika historia yao. Nakala pekee iliyobaki alikuwa nayo binti wa yule rafiki, bibi mzee sasa. Bila kuiona, historia yangu ilikuwa porojo tu.

Mara ya kwanza nilimpelekea sukari na soda. Alinirudishia getini. Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Unaombaje msamaha kwa soda, wewe? Isale imekwisha kihambani, hapo migombani?"

Safari hii nilimpa jani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kwa kosa la babu."

Alilitazama sana. Kwetu isale haikataliwi, hata ukiwa na hasira za miaka.

"Marahaba. Kaa."

Akaleta kitabu! Nusura nipige vigelegele. Hadithi yenyewe: mtu kapotelewa na ng'ombe, anamwita jirani yake mwizi; hapo ndipo kilipokatika.

"Baba akinisomea, akifika hapa anasema, 'Ng'ombe kaliwa na chui. Lala.' Sikumwamini hata siku moja."

Nikatoa kikapuni zile herufi alizotuachia babu, bado zimefungwa uzi. Tulichanganya masizi na mafuta ya kupikia, tukazipaka, tukalaza karatasi. Alikandamiza mwenyewe kwa mgongo wa kijiko.

Akasoma kwa sauti. Ng'ombe alikuwa amekwama kwenye mfereji wa juu. Mwenye ng'ombe akachuma isale, akaenda kwa jirani.

Bibi akaliokota jani langu mapajani.

"Kumbe babu yako njia aliijua. Akaiandika, akaifungia kwake."

Kisha akanisukumia kitabu.

"Chukua. Ila ukurasa huu ni wangu."