Kagaruki na Golikipa wa Mkago

"Amesimama tu! Mpira unampita, yeye anautazama kama anasindikiza mgeni!"

Kagaruki alikuwa amesimama katikati ya baraza la Mastura, muuza chai, na kikombe cha chai mkononi, na chai ilikuwa imeshapoa. Tangu tutoke kanisani hakuwa amekaa. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka, mvua ya asubuhi imekatika, na Kanazi nzima, Walutheri wa huku na Wakatoliki wa kule, walikuwa wamekula, wamevaa vizuri, na hawana kazi ila kuongea mpira.

"Goli la kwanza nilisamehe," akaendelea. "Utelezi. La pili je? Protase amepiga mpira wa kitoto kabisa, hata bibi yangu angeudaka na kikapu kichwani!"

"Bibi yako tungemsajili, tata," akasema kijana Aroni, na watu wakacheka. Tata kwetu ni baba, na Kagaruki tulimwita hivyo wote.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumamosi, kule Bukoba mjini, Kanazi ilicheza na Ijumbi kugombea kombe la Pasaka. Tukatoka mbili kwa mbili, giza likaingia, wakubwa wakasema mrudiane Jumatatu. Kanazi haijawahi kulichukua kombe lile. Ijumbi wamelichukua mara nyingi mpaka wanalitaja kama mtu anavyotaja ng'ombe wake. Na magoli yote mawili alikuwa amefungwa Clavery, golikipa wetu, na mfungaji alikuwa mtu mmoja wa Ijumbi, Protase.

"Mnataka kujua kwa nini?" Aroni akashusha sauti, lakini kwa namna ya kusikika na wote. "Muulizeni Protase jana amelala wapi. Wenzake wamelala mjini. Yeye amekuja na baiskeli mpaka huku, akalala kwa Clavery."

"Kwa Clavery?" akauliza Buberwa, kapteni wetu.

"Kwa Clavery. Walikula mkago hao, zamani, walipokuwa wanapakia magunia pamoja bandarini."

Kwetu mkago si urafiki wa kunywa pamoja. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Watu wawili wanachanjwa karibu na kitovu, kila mmoja anapaka punje yake damu yake, anampa mwenzake, anameza. Kuanzia hapo ndugu wa mkago akikuomba kitu humnyimi, na ukimdhuru, wazee wanasema, ile punje itavimba tumboni mwako. Kanisa halipendi. Watu wanakula hivyo hivyo.

"Basi mmesikia!" Kagaruki akaweka kikombe chini kwa nguvu. "Tumemweka langoni mtu aliyemeza damu ya sentafowadi wao! Buberwa, wewe kapteni hukujua?"

"Ningejuaje, waitu, jamani? Nimchungulie kitovu?"

"Kesho asikanyage uwanjani. Akae nyumbani na ndugu yake wale ndizi."

Ukitaka kuelewa kwa nini lilimuuma hivyo, lazima umjue Kagaruki. Mpira huu wa Kanazi ni wake. Alipokuwa kijana alikwenda mjini kubeba matofali, na jioni makarani walikuwa wanacheza karibu na ziwa, naye anakaa juu ya rundo la matofali anatazama. Alivyorudi hakuleta nguo wala redio. Alishika panga akafyeka nyasi kwenye rweya, pale penye uwanda ambapo hapaoti mazao, akakata miti minne akasimamisha magoli. Watu walisema ameharibika, mtu mzima na kibanja chake cha migomba anahangaika na ngozi yenye upepo. Mwenyewe alicheza mechi moja tu, akajifunga, akaacha. Lakini hajakosa kutazama hata moja. Wagonjwa na vikongwe wasioweza kutembea mpaka uwanjani wanamsubiri jioni awasimulie. Anasimulia kwa mikono na miguu, anapuliza filimbi kwa mdomo, na timu yake ikifungwa anasimulia polepole, kama mtu anayepeleka habari za msiba.

Mke wake, Klaudia, husema kama angepogolea migomba yao kwa moyo ule wangekuwa na nyumba ya bati.

Kwa hiyo kombe hili lilikuwa lake kuliko letu. Na neno lake ndilo lililokuwa linasikilizwa. Buberwa alikuwa kapteni wa kuvaa kitambaa tu.

Mastura akaja na birika. "Mnamhukumu mtu hayupo," akasema. "Huyo anakuja, mwulizeni."

Kweli Clavery alikuwa anakuja njiani, mrefu, mikono yake imening'inia kama mikono ya kuazima. Akasalimia. Walioitika walikuwa wachache.

"Clavery mwanangu," Kagaruki akasema, "Protase ni nani kwako?"

"Ndugu yangu wa mkago, tata."

"Hukutuambia."

"Hamkuniuliza. Mliniuliza kama naweza kudaka."

Mtu mmoja akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Jana alikuja kwako. Alikuomba nini?"

"Alikuja kula Pasaka. Hakuomba kitu. Mpira hatukuutaja kabisa, tulikuwa tunauzunguka kama shimo. Anajua akiomba nitampa, ndiyo sababu hakuomba."

"Na lile goli la pili?"

Clavery aliangalia mkono wake wa kulia, akaugeuza.

"Sijui," akasema. "Niliuona mpira. Nilisema nenda, na mkono ukachelewa. Nimelala nikiuwaza. Ningekuwa nimemwachia kwa makusudi ningewaambia, tata, ningejua la kutubu. Lakini sikumwachia. Mkono ulichelewa tu, na sijui kwa nini."

"Sisi tunajua!" akasema Aroni. "Punje ilikukaba!"

"Nyamaza, Aroni," Kagaruki akasema.

Akavuta kiti akakaa. Akawa anachezea kofia yake. Sisi tulifikiri anatafuta maneno ya kumfukuza vizuri. Mastura akamjazia chai, naye akaisogeza pembeni.

"Mnamkumbuka Ildefons?" akauliza.

Wakubwa walimkumbuka. Ildefons alikuwa ndugu wa mkago wa Kagaruki, Mkatoliki, mpole, alikufa kwa kifua akamwacha mjane wake, Alistidia, na watoto wadogo. Mchungaji alimwita Kagaruki mara nyingi atubu habari ya ule mkago. Kagaruki alitubu pombe, alitubu hasira, ule mkago hakuutaja kamwe.

"Ukoo wake na ukoo wangu waligombania mpaka wa shamba," akasema. "Mnakumbuka. Nikaitwa barazani niwe shahidi. Mpaka nilikuwa naujua, babu alinionyesha mti wa alama. Ildefons alikaa mbele yangu, haniangalii, ili nisione aibu. Naye hakuniomba kitu. Nikafungua mdomo, na mdomo ukachelewa. Nikasimama pale kama mjinga mpaka mwingine akaitwa. Ndugu zangu wakaniita msaliti. Mimi mwenyewe nilijiuliza, nilikuwa nimemkinga au nilikuwa nimesahau? Mpaka leo sina jibu."

Kuku wa Mastura walipita chini ya viti.

"Basi asicheze," akasema Buberwa taratibu. "Si ndivyo unavyosema?"

"Sivyo. Atacheza. Golini hapana. Huwezi kumweka mtu mahali ambapo mkono wake utaulizwa swali kila dakika. Mpelekeni mbele, winga, kwenye lango lao. Protase atakuwa huku kwetu, hawatagusana."

"Na golini?"

"Wewe."

"Mimi?" Buberwa akajiangalia. Ni mfupi kama kinu. "Tata Kagaruki, mpira wa juu nitaupandia ngazi?"

"Utaruka."

"Tutafungwa," akasema Aroni. Safari hii hakuwa anatania. "Tata, kombe hili umelingoja tangu sijazaliwa. Ukimtoa huyu golini, limekwenda. Mkalishe nje kabisa basi, tumwazime yule golikipa wa mjini, mrefu."

"Nimefikiri hilo." Kagaruki akaiweka kofia gotini. "Nikimkalisha nje, nimemwambia achague, Kanazi au ndugu yake. Na atachagua ndugu, kama nilivyochagua mimi. Halafu Jumapili ijayo mtampita njiani hivi hivi kama leo, hamumsalimii. Mimi nimepitwa hivyo. Tukifungwa tumefungwa, nitasimulia polepole."

Clavery akakamata benchi akakaa mwishoni. Mastura akampelekea chai bila kuulizwa. Kidogo kidogo mazungumzo yakarudi. Buberwa akasimama chini ya paa anarukaruka kupima urefu, Aroni anamrushia vitunguu vya Mastura adake, na cha tatu kikampita kikaingia jikoni.

"Goli!" wakapiga kelele. "Ijumbi moja!"

Kagaruki akacheka, lakini macho yalikuwa upande wa ziwa. Mawingu yalikuwa yamejenga kule kisiwa cha Bumbire, meusi, na majani ya migomba yameanza kugeuka upande mweupe. Akavaa kofia.

"Unakwenda wapi, tata? Hatujapanga mafulbeki!"

"Pangeni. Migomba ya Alistidia wa Ildefons imebeba, na ile ya chini haina miti ya kuegemea. Upepo huu utaiangusha yote."

"Leo Pasaka!"

"Upepo haujui," akasema, akachukua panga lake nyuma ya mlango wa Mastura, akashuka njia ya bondeni kwa haraka.