Saladi ya Bwana Mkubwa

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha lazima, upande wa Kanja, serikali ya kikoloni iligundua kwamba shida yetu haikuwa nyumba zetu zilizochomwa wala waume zetu waliofungwa kizuizini. Shida yetu ilikuwa ukosefu wa mboga. Ikalimwa bustani ndani ya seng'enge, kando ya handaki, na kila asubuhi sisi wanawake tukaitwa kwa firimbi kwenda kuihudumia.

Nilikuwa nimeolewa miezi michache tu kabla ya hapo. Nilipangwa zamu moja na mama mkwe wangu, aliyeshika jembe tangu chifu wetu hajaota meno. Tulipanda kabeji, vitunguu, na mboga ngeni ya Wazungu iitwayo saladi.

Siku moja habari zikaja kwamba Bwana Mkubwa kutoka Nairobi angekuja kujionea jinsi tulivyofurahi, na kwamba angekula chakula cha mchana kutoka bustani yetu. Saladi ilikuwa bado njano njano. Chifu akaamuru tuzoe mavi ya ng'ombe zizini yakiwa bado na joto, tuyakoroge kwa maji, tuyamwage juu ya majani.

"Chifu," mama mkwe alisema, "haya ni mabichi. Hufukiwa shimoni yakaoza mpaka yafanane na udongo, ndipo yakaingizwa shambani kabla ya kupanda. Na jani linaloliwa bila kupikwa halimwagiwi kitu hiki."

"Mama, umesoma wapi?"

"Sijasoma."

"Basi mwaga."

Tukamwaga, kila siku, hadi mkesha wa ziara. Saladi ikawa kijani ajabu. Mpishi aliisuuza mara moja kwa maji ya kijito kilichopita chini ya zizi, akaipanga kwenye sahani nyeupe. Bwana Mkubwa alikula, wenyeji wake wakala, na chifu, ambaye maishani mwake hakuwahi kutafuna jani bichi, akaomba aongezewe.

Kesho yake choo cha maafisa hakikupumzika. Chifu hakuweza kungoja zamu. Tulimwona akishuka handakini, akipita kwa uangalifu kati ya miti iliyochongwa ncha kuwazuia wapiganaji wa Mau Mau.

Askari walifika kabla ya adhuhuri. Inspekta mmoja Mzungu, aliyeponea kwa kuwa hakupenda mboga, alimkalisha mama mkwe wangu mbele ya meza, nami nikazuiwa mlangoni. Mkalimani wake alitoka mbali, wala lugha yetu ya Kiembu hakuijua.

"Wewe liweka nini kwa saladi?" inspekta aliuliza.

Mama mkwe hakuwa na Kiswahili, ila neno saladi alilishika. Alijibu kwa Kiembu, neno moja, ndilo neno letu la mbolea: "Thumu."

"Sumu!" inspekta aliruka. "Yeye nakubali!"

Mkalimani akaandika sumu. Mama mkwe, akidhani hatimaye ameeleweka, akatikisa kichwa kukubali. Wakampeleka rumande.

Sikulala. Kulipokucha nilizoa mavi kwa karai, nikajitwika, nikaenda hadi zahanati alikolala daktari Mzungu, mgonjwa kama wenzake waliokula saladi. Askari wa mlangoni aliziba pua, akanipisha. Nililiweka karai karibu na kitanda.

"Hii ndiyo thumu," nilisema kwa Kiswahili changu cha kuokoteza. "Chifu alisema tumwage juu ya saladi. Mama alikataa."

Daktari alichungulia ndani ya karai. Akauliza tulimwaga lini mara ya mwisho. Nilipomwambia, alianza kucheka, kisha akashika tumbo, akanionyesha mlango haraka.

Mama mkwe aliachiwa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyemwomba radhi. Badala yake, chifu alipopata nafuu tuliitwa uwanjani kumsikiliza akitufundisha njia mpya ya kisasa: mbolea ifukiwe shimoni, ioze mpaka ifanane na udongo, na mboga mbichi zioshwe kwa maji safi. Bwana Mkubwa, tuliambiwa, ameipenda sana akili ya chifu. Tukaamriwa kupiga makofi.

Mimi nilikunja mikono kwa hasira. Mama mkwe alikuwa akipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

"Mama, unampigia makofi mtu huyu?" nilimnong'oneza.

"Piga, mwanangu," alisema. "Leo kwa mara ya kwanza amesema jambo la kweli."