Safari ya Issenye na Jina Lililonikwama

Nilikwenda Issenye kuwashukuru watu nisiowajua. Mwanangu Gopal alifundisha hesabu huko, akapanga chumba kwa mfugaji mmoja, Mzee Makuru. Malaria ilipompanda kichwani, mzee huyo na mkewe Ghati ndio waliomkimbiza hospitali na kukaa naye mpaka mwisho. Mimi nilifika nikakuta ameshafunikwa shuka. Mwaka mzima ulipita ndipo nikapata nguvu ya kupanda gari.

Kulikuwa na jambo jingine: nilikuwa siwezi tena kusali. Sisi Wahindu tuliobaki Tarime ni wachache, hekalu hatuna, kila mtu anasali kwake. Sala niliyofundishwa na mama yangu ni kutaja majina ya Mungu, huku nikisogeza shanga moja kwa kila jina. Kwetu kulitaja jina lake ni kumwita aje, na kila jina lina habari yake. Hari ni yule anayeondoa huzuni. Narayan ni kimbilio la viumbe wote. Damodar ni yule aliyefungwa kamba tumboni na mama yake kwa utundu, maana Mungu wetu aliwahi kuwa mtoto na akasumbua watu kama watoto wengine. Halafu linakuja Gopal, mlinzi wa ng'ombe. Watoto tunawapa majina hayo makusudi, ili mama akimwita mtoto aje kula, awe amemwita na Mungu pia. Ila hakuna aliyewahi kuniambia mtoto akifa nifanyeje. Nikifika kwenye Gopal ulimi unagoma, sala inaishia hapo.

Tarime tuliondoka alfajiri. Tulipita Nyamongo, tukavuka daraja la Mto Mara, maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Abiria mwenzangu aliniuliza naenda kumtembelea nani, nikamjibu, "Ndugu." Nilijishangaa, lakini sikurekebisha.

Mugumu nilibadili gari mpaka Nata, na kutoka Nata nikachukua bodaboda. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, aliposikia naenda kwa Mzee Makuru alisema, "Aa, pale kwa mwalimu!" Nikamshika bega kwa nguvu, yeye akadhani naogopa mwendo.

Issenye, jioni. Ghati alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Karibu, Mama Gopali. Karibu sana mama."

Tangu msiba, majirani zangu kwa huruma yao waliacha kuniita hivyo. Huyu alinipokea kwa jina hilo na begi akalichukua. Wakati wa chakula niliwekewa ugali, maharage na maziwa ya mgando, nyama hakuna, wala sikuwa nimeomba.

"Mwalimu alitufundisha kwamba hamli nyama," alisema. "Mzee alidhani ni mwiko wa ukoo wenu."

Niliwapa vitenge na sukari nilivyobeba. Maneno ya shukrani niliyoyapanga njia nzima yalinipotea, nikabaki kusema asante, asante, hadi Mzee Makuru akaniambia nile, chakula kinapoa.

Asubuhi nilikuwa nakunywa chai uani nikasikia mwanaume akipiga kelele shambani: "Gopali! We Gopali, twende!"

Chai yote ilinimwagikia.

"Mama, usichukie," Ghati alisema haraka. "Ni dume letu la jembe. Mwalimu alitueleza maana ya jina lake. Mzee alicheka, akasema, Mungu anayechunga ng'ombe, huyo anatufaa sisi. Mwalimu alipofariki, mzee akasema jina kama hilo haliwezi kukaa bila kuitwa. Akampa dume tunayempenda kuliko wote."

Nisiwe mnafiki, nilichukia. Jina la Mungu, jina la mwanangu, kwa ng'ombe wa kulima! Dada yangu wa Mwanza angezimia. Nilikwenda huko shambani nikiwa na maneno yangu mdomoni.

Dume lenyewe lilikuwa jekundu, limesimama kwenye nira, halitaki hata kuinua mguu. Nikamwamkia mzee shikamoo.

"Marahaba. Ameona mgeni, amegoma. Mwite wewe, mama yake."

Ugomvi nikauacha. Nilijaribu kuita, sauti ikatoka kama kikohozi. Dume likageuza sikio moja.

"Kwa sauti, mama. Huyu si wa kunong'onezwa."

"Gopal!" nikaita, kwa sauti ile niliyokuwa nikimwitia mwanangu akaoge. "Gopal, njoo!"

Akavuta. Udongo ukafunguka, nami nikatembea pembeni nikiita na kulia, kuita na kulia, hadi mwisho wa shamba. Mzee Makuru hakuninyamazisha. Alishika jembe lake tu, na tulipofika mwisho akageuza, akasema, "Tena." Nitamshukuru kwa neno hilo siku zote.

Siku ya kurudi, Ghati alinifungia chupa ya samli. Nikawakumbatia wote wawili, na njia nzima nikalala kama mtoto.

Tarime, kwangu. Nilioga, nikawasha taa ya sala kwa samli ya Ghati, nikaketi na shanga. Hari. Narayan. Damodar. Nilipofika Gopal nililitamka kwa sauti ile ile ya shambani, na sikujua kama namwita Mungu au namwita mwanangu. Wala sikutaka kujua. Nikasogeza shanga, nikaendelea.