Mistari Mitatu Nyuma ya Nyumba

Baba yangu alikuwa na dawa moja tu ya ukuta wenye unyevu, nayo ni rangi. Kila mwaka bonasi ya chai kutoka kiwandani ilipoingia alinunua debe la rangi ya mafuta, akavaa koti lake kuukuu la shambani, akapaka mwenyewe chumba chao cha kulala. Krismasi ikifika chumba kiling'aa na wageni wakasifu. Mvua ndefu zikianza, rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na ukiyabonyeza kwa kidole yanatoa maji. Mwaka uliofuata alipaka juu ya hayo malengelenge.

Nyumba yetu iko mteremkoni, juu kidogo ya Sosiot. Kwetu hatuachi ardhi ikae bure, kwa hivyo chai hupandwa mpaka pale maji ya bati yanapodondokea. Nyuma ya nyumba mistari ilikaribia ukuta kiasi kwamba mama akifungua dirisha la chumba, majani yanaingia ndani. Baba alipenda kuwaambia wageni kwamba mke wake anaweza kuchuna akiwa kitandani. Wageni walicheka. Mama pia alicheka, miaka ile alipokuwa bado anaweza kucheka bila kukohoa.

Ile ilikuwa chai ya kwanza ya baba. Alibeba miche kichwani kabla sijazaliwa, akaipanda kwa mkono, na hakutaka kibarua aiguse. Ndiyo iliyotulipia shule sisi sote, na hakutuacha tusahau.

Unyevu ulianzia chini, kwenye ukuta wa nyuma, ukapanda polepole mpaka usawa wa mto wa kulalia. Ukungu mweusi uliota kwenye kona. Godoro lilikuwa baridi upande wa ukuta, hata mchana. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, ambacho mama alipewa siku ya harusi yake kiliota uchafu wa kijani kwenye mkanda, na hicho kilimuuma kuliko nguo na viatu vilivyoharibika. Kila Jumamosi alisugua ukuta kwa maji ya dawa ya kufulia nguo nyeupe, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, kisha akatoka nje kukohoa akiwa ameshika nguzo ya baraza. Jioni aliingiza jiko la makaa chumbani ili kukauke, akalitoa kabla ya kulala. Ukuta ulitoa jasho zaidi. Mimi nilikuwa nimeolewa chini huko Soin, kwenye jua, na kila nikipanda nyumbani nilimkuta amepungua.

Mwaka mmoja kifua kilimbana sana, daktari akasema asilale tena kwenye chumba chenye ukungu. Nikamchukua nikamshusha kwangu. Soin ni joto, ukuta wangu unapasuka kwa ukavu, na ndani ya muda mfupi mama alikuwa anatembea mpaka sokoni na kurudi bila kusimama njiani. Alianza tena kunikosoa ninavyopika mboga, nikajua amepona. Halafu akasema ng'ombe wake hawezi kukamuliwa na mtu mwingine, akarudi kwake. Kabla mwezi haujaisha nilimsikia kwenye simu akitafuta pumzi katikati ya salamu.

Nilipanda na hasira zangu na fundi mmoja wa mawe, jirani yetu ambaye wazazi wake walikuja kutoka Kisii kufanya kazi kwenye mashamba makubwa. Hakuchukua muda. Alipenya kwenye chai nyuma ya nyumba, akachokoa udongo kwa mwiko, akaniita. Udongo ulikuwa umepanda juu ya msingi, juu ya sakafu ya ndani kabisa. Miaka yote ile, kila chai ilipopunguzwa matawi, matawi yaliachwa palepale yaoze, na mvua ikashusha udongo wa mteremko ukalala kwenye ukuta. Upepo haukupita, jua halikufika. Ukuta ulikuwa umesimama ndani ya shamba lenye maji na kuyanywa, na rangi ya mafuta ilizuia hata kile kidogo ambacho kingetoka.

Alinieleza kazi yenyewe. Ng'oa mistari mitatu. Shusha udongo mpaka chini ya sakafu. Chimba mtaro upande wa juu wa mteremko, ujaze mawe, maji yapite kando. Kisha kwangua rangi na plasta iliyooza, uache ukuta upumue msimu mzima wa kiangazi. Hakukuwa na dawa ya debe.

Tukamwambia baba. Alikaa kwenye kiti chake barazani akasikiliza mpaka mwisho, akamshukuru fundi, akaagiza apewe chai. Fundi alipoondoka ndipo aliponigeukia.

"Hii majani ndio ilisomesha wewe," akasema. "Leo unataka niing'oe juu ya ukuta?"

"Si juu ya ukuta, Baba. Ni juu ya Mama."

Akasema tungoje mvua ipite kwanza, kwa sababu wakati wa mvua majani ni mengi na mtu hang'oi chai inayotoa. Ndivyo ilivyokuwa kila mara. Mvua ndiyo inayolowesha ukuta, na mvua hiyohiyo ndiyo inayoleta majani, kwa hivyo wakati ambao mama alikuwa hawezi kupumua ndio wakati ambao baba alikuwa hawezi kung'oa. Kiangazi kikija ukuta unakauka kidogo, kikohozi kinatulia, naye anasema si unaona, imeisha.

Nilimgeukia mama. Nilimsihi alale sebuleni kwenye kochi, angalau mpaka baba abadili nia. Chumba kingine kilikuwa upande uleule wa nyuma, kimelowa vilevile. Mama alinitazama kama mtu aliyeambiwa akalale barabarani.

"Mtu akuje asubuhi akute mimi kwa kochi, atasema nimefukuzwa kwa kitanda yangu," akasema. "Na umri hii."

Nilimkasirikia karibu sawa na nilivyomkasirikia baba. Wawili wale walikuwa wamelala kitanda kimoja kwa maisha yao yote na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea. Nilisogeza kitanda mbali na ukuta, nikarudi Soin.

Mama alifariki Julai, mwezi ambao kwetu ukungu wa asubuhi hauondoki mteremkoni mpaka saa sita mchana.

Watu wa kanisa na majirani walikuja kupanga mazishi. Uani mbele palikuwa padogo, hapatoshi hata hema moja, na boma zima ni chai. Mzee wa kanisa akamuuliza baba kwa heshima kaburi lichimbwe wapi, na waombolezaji wakae wapi. Baba alinyoosha kidole kuelekea nyuma ya nyumba.

Wanaume wakaja na majembe na mapanga. Mashina ya zamani yalikataa, wakayafunga mnyororo na kuyavuta kwa trekta ya jirani. Walipomaliza mistari mitatu waliona viti havitasimama sawa, kwa hivyo wakachimba ule udongo uliolala ukutani wakautupa chini ya mteremko, mpaka jiwe la msingi likaonekana. Halafu mtu akaangalia mawingu akasema maji yataingia kaburini, wakachimba mtaro upande wa juu wakaujaza mawe. Yule fundi alikuwa miongoni mwao. Aliniona nimesimama mlangoni, akainamisha kichwa, akaendelea kuchimba. Kazi yote aliyoieleza ilikwisha kabla ya jioni.

Sikulia siku ya mazishi. Nilikuwa na hasira mno. Niliwapa watu chai, chai hiyohiyo, na kila kikombe nilichobeba nilitamani kukimwaga.

Nilikaa bila kupanda nyumbani mpaka bonasi ilipoingia. Sikuona debe la rangi. Baba alikuwa amekwangua ukuta mwenyewe, peke yake, mpaka kwenye matofali. Dirisha lilikuwa wazi na jua liliingia mpaka katikati ya chumba, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Nje, mahali pa chai, palikuwa na kaburi la mama na nyasi changa. Kitanda kilikuwa kimerudishwa ukutani, na yeye alilala upande wa mama. Kibuyu cha mama kilining'inia kwenye msumari, kimesuguliwa.

"Shika," akaniambia.

Niliweka kiganja ukutani. Palikuwa pakavu, na vuguvugu kwa jua.

"Imekauka," baba akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Sasa angelala hapa vizuri."